Nani Anakula Umeme? Nguvu ya Umeme, Nishati na Uniti za LUKU

Mada hii humpa alama za bure mtahiniwa anayeielewa, na huwanyima alama hizo hizo wale wanaokariri fomula peke yake. Mtihani wako wa Fizikia utakuja kwa Kiingereza, lakini uelewa hauna budi kuja kwanza, tena katika lugha unayoifikiria ukiwa nyumbani mbele ya mita. Soma sehemu hii ukiwa na kalamu, kikokotozi na karatasi. Kama nyumbani kwenu kuna umeme, nenda pia ukageuze pasi au birika ukasome maandishi yaliyo nyuma au chini yake. Tutayahitaji.

Nguvu na nishati

Mtu akisema "pasi inakula umeme," ameuliza maswali mawili bila kujua. Inakula kwa kasi gani? Na mpaka sasa imekula kiasi gani? Swali la kwanza ni la nguvu ya umeme, la pili ni la nishati.

Fikiria bomba la maji pale unapopanga foleni ya ndoo. Bomba moja linatoa lita 20 kwa dakika, jingine lita 2 kwa dakika. Hiyo ni kasi. Lakini ukirudi nyumbani mama hakuulizi kasi ya bomba, anauliza umeleta ndoo ngapi. Bomba dogo likiachwa wazi usiku kucha linaweza kujaza mapipa ambayo bomba kubwa lililofunguliwa dakika tano haliwezi kuyajaza. Vifaa vya umeme viko hivyo hivyo, na wanaogombana kuhusu LUKU mara nyingi hugombania kasi huku wakisahau muda.

Nguvu hupimwa kwa wati. Wati moja ni juli moja ya nishati inayotumika kila sekunde. Kwa hiyo:

P = E ÷ t, na E = P × t

Juli ni kipimo kidogo mno kwa matumizi ya nyumbani, ndiyo maana TANESCO huuza umeme kwa kilowati-saa, ambayo sisi tunaiita uniti. Kilowati-saa moja ni nishati inayotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa 1, yaani 1,000 × 3,600 = juli 3,600,000.

Zingatia hapa, maana ndipo alama nyingi hupotea. Watu husema "kilowati kwa saa", na watahiniwa wengine huandika kW/h. Hilo ni kosa. "Kwa saa" maana yake ni kugawanya, kama kilomita kwa saa. Uniti ni kilowati kuzidisha saa: kWh. Na ukiulizwa nguvu ya kifaa ukajibu kwa kWh, umejibu swali ambalo hukuulizwa.

Kibandiko kinasema nini

Pasi ya kawaida itakuwa na maandishi ya namna hii: 230 V, 50 Hz, 1000 W. Volti 230 ndiyo kiwango cha umeme wa majumbani Tanzania. Hz 50 ni marudio ya mkondo geu. Wati 1,000 ni nguvu ya pasi hiyo ikipata volti 230 kamili. Sentensi hiyo ina sharti ndani yake, tutalirudia muda si mrefu.

Kutokana na P = IV, mkondo wa pasi ni I = 1,000 ÷ 230 = ampea 4.35. Ukiulizwa fyuzi ya plagi iwe ya ampea 3, 5 au 13, chagua iliyo juu kidogo ya mkondo wa kawaida: ampea 5. Ya 3 itakatika kila siku. Ya 13 itakubali hitilafu kubwa ipite kabla haijakatika, na waya wa pasi utaungua kwanza. Birika la umeme la wati 2,000 linavuta ampea 8.7, hilo linahitaji fyuzi ya 13.

Ukinzani wa pasi unapatikana kwa R = V² ÷ P = 52,900 ÷ 1,000 = omu 52.9. Uhifadhi.

Ili upate picha ya ukubwa, linganisha vifaa vya nyumba moja. Kuchaji simu kunahitaji takribani wati 5. Balbu ya LED, wati 9. Balbu ya kizamani yenye waya mwembamba ndani, wati 60 au 100, na sehemu kubwa ya hizo huishia kuwa joto badala ya mwanga. Feni, kama wati 50. Televisheni bapa ya ukubwa wa kati, wati 60 hivi. Halafu ghafla unaruka: pasi 1,000, birika 2,000. Kila kifaa ambacho kazi yake ni kutoa joto kina wati nyingi. Ukilishika hilo, utaweza kukisia nguvu ya kifaa hata usipoona kibandiko.

Na kwa upande wa pili wa waya: bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo mmoja ukifanya kazi kwa ukamilifu unaweza kuwasha mabirika 117,500 kwa wakati mmoja, tukiacha kando kinachopotea njiani. Gawanya mwenyewe uhakikishe.

Umeme ukiwa hafifu

Ukikaa kijiji kilicho mbali na transfoma, kule Itilima au Meatu, umeshaona jambo hili: saa moja usiku kila nyumba imewasha, taa zinafifia, na pasi haipati moto. Volti zimeshuka. Tuseme zimefika 180. Je, pasi yetu ya wati 1,000 sasa ni ya wati ngapi?

Mtahiniwa mwenye haraka atasema volti zimepungua kwa asilimia 22, basi nguvu nayo imepungua kwa asilimia 22. Sivyo. Kilichobaki vile vile, au karibu vile vile, ni ukinzani. Kwa hiyo:

P = V² ÷ R = 180 × 180 ÷ 52.9 = wati 612

Nguvu imeshuka kwa karibu asilimia 39, kwa sababu volti zikipungua, mkondo nao unapungua, na nguvu ni zao la vyote viwili. Swali la aina hii hupendwa na watunga mitihani kwa kuwa linamtenganisha aliyeelewa na aliyekariri. Usichukue P = IV ukaweka volti mpya pamoja na mkondo wa zamani. Tafuta R kwanza kutoka kwenye kibandiko, kisha tumia V² ÷ R.

Je, mita inakudhulumu wakati huo? Hapana, mita hurekodi nishati iliyopita kweli. Lakini pasi itachukua muda mrefu zaidi kufikia moto uleule, na muda huo wote inapoteza joto hewani, kwa hiyo mwishowe shati moja linakugharimu kidogo zaidi.

Friji ina hatari nyingine. Ndani yake kuna mota, na mota si waya wa joto tu. Volti zikishuka sana mota inahangaika kuanza au kuendelea kuzunguka, inavuta mkondo mkubwa, na koili zake zinapata joto mpaka zinaungua. Ndiyo sababu mafundi wa friji hupata kazi nyingi mahali penye umeme hafifu, na ndiyo sababu kile kifaa kidogo cha kulinda friji, kinachokata umeme volti zikishuka au zikipanda kupita kiasi, ni cha thamani kuliko bei yake.

Friji haiwaki muda wote

Kibandiko cha friji kinaweza kusema wati 150. Ukizidisha kwa saa 24 unapata kilowati-saa 3.6 kwa siku, uniti 108 kwa mwezi. Wengi hufanya hesabu hiyo kisha wanaogopa kununua friji. Hesabu hiyo inasahau kwamba mota ya friji huwaka na kuzima. Sikiliza: inanguruma dakika kadhaa, halafu kimya. Ikiwa kwa wastani inanguruma dakika 20 katika kila saa, basi kwa siku imefanya kazi saa 8, na nishati ni 150 × 8 = 1,200 Wh, yaani uniti 1.2.

Dakika hizo 20 si sheria. Friji iliyobanwa ukutani bila nafasi ya kutoa joto nyuma, iliyochakaa mpira wa mlango, au inayofunguliwa kila mteja anapokuja kununua barafu ya ubuyu mchana wa jua kali la Bariadi, itanguruma zaidi. Chukua saa, kaa karibu nayo kwa saa moja, andika inapowaka na inapozima. Utajua zaidi kuliko fundi anayekisia.

Nyumba moja, LUKU moja, wapangaji watatu

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Chukua nyumba ya kupanga pale Somanda yenye mita moja na vyumba vitatu. Kila mwezi wapangaji wanachanga sawa. Kijana wa bodaboda anayekaa chumba cha kwanza analalamika kwamba anaonewa. Wenzake wanamwambia umeme ni wa wote. Tuamue kwa hesabu.

Chumba cha kwanza kina balbu 2 za LED za wati 9 zinazowaka saa 5, redio ya wati 10 kwa saa 5, na simu ya wati 5 kwa saa 2. Hesabu: 90 + 50 + 10 = Wh 150 kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 4.5.

Chumba cha pili anakaa mwalimu. Balbu zake ni mbili kama hizo, Wh 90. Televisheni ya wati 60 kwa saa 6 ni Wh 360. Feni ya wati 50 kwa saa 8 usiku ni Wh 400. Pasi ya wati 1,000 kwa robo saa ni Wh 250. Jumla Wh 1,100, sawa na uniti 33 kwa mwezi.

Chumba cha tatu anakaa mama anayeuza barafu. Balbu, Wh 90. Friji, Wh 1,200 kama tulivyoona. Birika la wati 2,000 kwa robo saa, maji ya chai na ya kuoga watoto, Wh 500. Jumla Wh 1,790, uniti 53.7.

Nyumba nzima: 4.5 + 33 + 53.7 = uniti 91.2 kwa mwezi.

Bei nayo ina ngazi. Kwa viwango vilivyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, kundi la D1, hulipa sh 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni sh 350. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, jumla asilimia 22. Hivyo uniti ya bei nafuu inakuwa sh 122 na inayozidi 75 inakuwa sh 427. Uniti 75 za mwanzo ni sh 9,150, tarakimu ambayo wateja wengi wa D1 wanaijua kwa moyo. Kodi ya jengo, inayokatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021, haihusiani na matumizi yako. Iondoe kwanza ndipo ukokotoe. Na katika swali la mtihani, tumia bei utakayopewa kwenye swali, si hizi.

Gharama ya nyumba yetu: sh 9,150 kwa uniti 75, pamoja na 16.2 × 427 = sh 6,917.40. Jumla sh 16,067.40. Wakichanga sawa, kila mmoja anatoa karibu sh 5,356.

Sasa gawanya kwa uniti. Kijana wa bodaboda ametumia 4.5 kati ya 91.2, sehemu yake ni karibu sh 793. Mwalimu, sh 5,814. Mama wa barafu, sh 9,461. Kwa mchango wa sawa kwa sawa, kijana analipa karibu mara saba ya anachotumia, na pesa yake inagandisha barafu ya mtu mwingine. Mwalimu yuko karibu na haki, ndiyo maana huwa ananyamaza.

Hata mgawanyo huo wa pili bado unabishaniwa. Kama kijana na mwalimu wangekaa wenyewe, wangetumia uniti 37.5 zote kwa sh 122, na kijana angelipa sh 549 tu. Kilichoivusha nyumba ng'ambo ya uniti 75 ni chumba cha tatu. Je, mama huyo alipe peke yake zile uniti za sh 427? Fizikia haijibu hilo. Kwa maoni yangu, mwenye biashara ndani ya nyumba ya pamoja ajitafutie mita yake, na mabishano yaishe.

Kuna jambo zito zaidi kuliko mgawanyo. D1 ni ya mteja ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Akizoea kuzidi, anaweza kuhamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti, tangu ya kwanza, ni sh 292, na pamoja na asilimia 22 ni sh 356.24. Nyumba yetu ikihamia huko, uniti zile zile 91.2 zitagharimu sh 32,489, mara mbili ya awali. Hakuna aliyeongeza hata balbu moja.

Angalia basi birika. Peke yake linatumia uniti 15 kwa mwezi. Kuchemsha lita 1.5 za maji kutoka nyuzi 25 kunahitaji 1.5 × 4,200 × 75 = juli 472,500, yaani uniti 0.13, tukipuuza joto linalopotea. Birika la wati 2,000 linamaliza kazi hiyo kwa dakika 4 hivi. Ukiwa ndani ya uniti 75, chai hiyo ni sh 16. Ukishavuka, chai ile ile ni sh 56. Hata hiyo haitishi. Kinachotisha ni kulijaza birika lita 2 kwa ajili ya kikombe kimoja, kisha kuyaacha yapoe na kuyachemsha upya.

Ekstensheni moja, vifaa viwili

Mama wa barafu akichomeka birika na mwalimu pasi kwenye ekstensheni moja, nguvu ni wati 3,000 na mkondo ni ampea 13.04. Plagi ya fyuzi ya 13 ipo ukingoni kabisa, na ekstensheni nyingi za bei ya chini zina waya mwembamba usiofaa mkondo huo.

Joto ndani ya waya hufuata P = I²R. Tuseme waya wa ekstensheni una ukinzani wa omu 0.5. Pasi peke yake, ampea 4.35, inazalisha ndani ya waya wati 9.5. Vyote viwili, ampea 13.04, vinazalisha wati 85. Mkondo umeongezeka mara tatu, joto mara tisa. Kama waya huo umekunjwa na kufichwa chini ya godoro au zulia, joto halina pa kwenda. Plastiki inalainika, nyaya zinagusana, na moto unaanza watu wakiwa wamelala. Fyuzi ikikatika, ni kwa sababu imefanya kazi yake. Anayeiondoa na kufunga kipande cha waya wa shaba mahali pake ameondoa kitu pekee kilichokuwa kikiilinda nyumba.

Kwa sababu hiyo hiyo ya I²R, umeme husafirishwa masafa marefu kwa volti kubwa sana: nguvu ile ile, mkondo mdogo, joto dogo linalopotea njiani. Swali la "kwa nini volti kubwa" hujibiwa kwa sentensi hiyo moja pamoja na fomula.

Pima mwenyewe kwa taa ya mita

Kwenye uso wa mita kuna kitaa kidogo kinachopepesa, na pembeni yake maandishi kama 1000 imp/kWh. Maana yake kitaa kikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwisha. Kila mpepeso ni juli 3,600. Kama mita yenu iko juu ya nguzo, tazama ukiwa chini, usipande.

Zima kila kitu nyumbani, kisha washa pasi peke yake. Hesabu mipepeso 10 huku mwenzako akipima muda. Ikichukua sekunde 36, basi P = 10 × 3,600 ÷ 36 = wati 1,000, na kibandiko kimesema kweli. Ukipata wati 800 usiilaumu pasi haraka. Huenda volti ziko chini, au kidhibiti joto cha pasi kilizima katikati ya kipimo. Rudia pasi ikiwa imetoka kuwashwa. Na ukizima kila kitu lakini kitaa kinaendelea kupepesa polepole, tafuta: king'amuzi kilichobaki kwenye soketi, au waya wenye hitilafu, au jirani.

Maswali ya kujipima

Kokotoa kwanza, ufunike majibu.

1. Pasi ya wati 1,200 inatumika nusu saa kila siku kwa siku 30. Tafuta gharama ikiwa uniti ni sh 122.

2. Familia ya Lamadi imebadilisha balbu 4 za wati 60 kwa balbu 4 za LED za wati 9. Zote huwaka saa 5 kwa siku. Imeokoa uniti ngapi kwa mwezi wa siku 30?

3. Birika limeandikwa 230 V, 2000 W. Tafuta nguvu yake volti zikishuka hadi 200. Eleza dhana uliyotumia.

4. Mita yenye maandishi 1600 imp/kWh imepepesa mara 20 kwa dakika moja kifaa kimoja tu kikiwa kimewashwa. Tafuta nguvu ya kifaa hicho.

Majibu

1. 1.2 × 0.5 × 30 = kWh 18; gharama sh 2,196.

2. Kila balbu imepunguza wati 51. 51 × 4 × 5 × 30 = Wh 30,600, yaani uniti 30.6.

3. R = 52,900 ÷ 2,000 = omu 26.45. P = 40,000 ÷ 26.45 = wati 1,512. Dhana: ukinzani wa birika haukubadilika. Usipoandika sentensi hiyo, unaweza kukosa alama ya maelezo hata kama tarakimu yako ni sahihi.

4. Kila mpepeso ni 3,600,000 ÷ 1,600 = juli 2,250. Kwa sekunde 60 kifaa kimetumia 20 × 2,250 = juli 45,000. P = 45,000 ÷ 60 = wati 750.